Kilo 78

Wiki chache kabla mama hajapatwa na kiharusi, tulijipima kwenye mizani ya kinu, pale alipokuwa akisagisha mahindi ya unga aliouza karibu na stesheni ya Kamina. Yeye alikuwa na kilo 78, mimi 52. Tulicheka, tukaenda zetu.

Aliporudi kutoka hospitali, upande wake wa kushoto ulikuwa umepooza. Kaka yangu anafanya kazi Kolwezi. Nyumbani tulibaki wawili. Usiku wa kwanza nilijaribu kumnyanyua kitandani, tukaanguka wote. Tuliketi sakafuni mpaka jirani akatusikia.

Nilishangaa. Tangu utotoni nabeba maji kichwani, bidoni ya lita 20, bila kulalamika. Lakini mzigo wa kichwani mtu hukutwisha, nao hushuka wima juu ya uti wa mgongo. Kunyanyua kitu kutoka chini ni kazi ya mapaja na nyonga, na kazi hiyo sikuwahi kujifunza.

Jirani huyo hufanya mazoezi ya kunyanyua vyuma uani kwake. Alinipa bomba la chuma la kilo 9, tukafunga bidoni kila upande. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi chupa ya lita moja ikawa mizani yetu. Nilianza na lita 10 kila upande, yaani kilo 29. Kila Jumamosi nilijaribu kuongeza lita moja huku na moja kule. Bidoni isiyojaa ina adabu yake: ukinyanyua kwa pupa, maji huyumba na bomba hukuvuta upande. Alinifundisha kusukuma makalio nyuma, kunyoosha mgongo, kujaza tumbo pumzi, na kuliweka bomba karibu na miguu.

Kwa siku nyingine alinipa bidoni ya lita 10 iliyojaa mchanga, kama kilo 16, niibembee kwa mikono miwili kutoka katikati ya miguu hadi kifuani. Ndiyo ketibeli yetu. Ketibeli za Warusi nazo zilianza kama mawe ya mizani ya sokoni, na kipimo chao cha pudi moja ni kilo 16 na kidogo. Mama alipenda sana kusikia hivyo. Mikono hushika tu; nyonga ndizo zinazorusha.

Nilikuwa na hofu kwamba mwili wangu ni mdogo mno. Jirani akanieleza kuhusu Naim Süleymanoğlu wa Uturuki, aliyenyanyua kilo 190 juu ya kichwa katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akishindana katika daraja la kilo 60. Ni zaidi ya mara tatu ya uzito wake. Nguvu ya msuli hufuata unene wake, lakini uzito wa mwili hufuata ujazo wote, na ujazo hukua haraka zaidi. Ndiyo maana mtu mdogo anaweza kunyanyua sehemu kubwa zaidi ya uzito wake kuliko pandikizi la mtu. Swali halikuwa nina kilo ngapi, bali kila kilo yangu inaweza kubeba nini.

Methali husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku hizo niliielewa kwa mgongo, si kwa daftari.

Mwezi wa saba nilinyanyua kilo 79, bidoni mbili kila upande. Mara moja na nusu ya uzito wangu. Jioni hiyo nilipiga magoti kidogo, nikamkumbatia mama, nikavuta pumzi.

“Unichunge muzuri, mama,” akaniambia. Huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. “Mi niko muzito.”

Alinyanyuka kirahisi. Kirahisi mno. Kesho yake tulimpima: kilo 61.

Nilikuwa nimeongeza maji wiki baada ya wiki, naye alikuwa akipungua bila mimi kuona, kwa sababu nilitazama bidoni tu. Sasa natazama sahani pia. Bukari namkandia laini, samaki namchambulia miba, na nangoja amalize.

Jumamosi bado nanyanyua kilo 79. Natamani siku mama atakaponilazimu kuzitumia zote.