Jamaa wa Kayanga, Mapanga ya Uchawi na Mkuki wa Babu

Kuna jamaa mmoja Kayanga, Karagwe, jina lake libaki kapuni. Kwa mapanga ya uchawi ya kwenye riwaya humwambii kitu. Andúril ya Aragorn iliyovunjika ikafuliwa upya, upanga wa Gryffindor kwenye Harry Potter, yote yako kichwani. Ila anaoupenda kuliko yote ni wa mfalme Arthur: umekwama kwenye jiwe, wanaume wanavuta weee, anauchomoa yule tu anayestahili ufalme.

Juzi kati akawa anamsimulia mchumba wake wa Nkwenda, Kyerwa. Binti akacheka. "Hiyo si kama ya Rumanyika?"

Akampa stori. Mwaka 1861 mzungu Speke alifika Karagwe, mfalme Rumanyika akamweleza alivyopata kiti. Baba yao Ndagara alipofariki, ndugu watatu waliwekewa kingoma kidogo chenye dawa. Wawili wakahangaika, wapi! Rumanyika akakiinua kwa kidole kidogo.

Jamaa kimya. Amekumbuka mkuki wa babu yake, uliokaa kwenye kona ya nyumba miaka yote. Mwaka jana aliuuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu pale Omurushaka, hela akanunulia bando. Bando la kuangalia muvi za mapanga!

Mzee bado yupo, na kila akienda kumsalimia anaulizwa, "Mjukuu wangu, mkuki wangu uko wapi?" Anajibu umeazimwa.

Wadau, angekuwa mdogo wako ungemshauri nini? Amwambie babu ukweli, au aanze kuzunguka kwa wauza chuma chakavu kwanza?