Kupiga picha ya giza Athi River

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa. Sikuumwa, wala sijahama. Nilikuwa juu ya paa, karibu na EPZ, nikipiga picha Nebula ya Orioni.

Kwa wasioijua: usiku wa Januari au Februari tazama juu, utaona nyota 3 zilizojipanga mstari. Kando yake kuna kidoa chenye ukungu. Huo ukungu ni gesi, umbali wa miaka ya nuru 1,340 hivi, na humo nyota zinazaliwa. Sisi tuko chini ya nyuzi 2 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo Orioni inapita karibu utosini. Watu wa Ulaya wangelipia nafasi kama hii.

Vifaa vyangu: kamera ya mtumba, lenzi ya milimita 50 na tripodi. Sina mashine ya kufuata nyota, kwa hiyo nikiacha shata wazi zaidi ya sekunde 5 hivi, nyota zinavutika kuwa vistari. Na fremu moja ya sekunde 5 ni chenga tupu, kama TV ya zamani iliyopoteza stesheni.

Dawa inajulikana. Unapiga fremu nyingi, unazipanga nyota juu ya nyota, unazijumlisha. Mwanga wa nebula uko palepale kila mara, chenga zinarukaruka ovyo. Kwa fremu 300, mwanga unaongezeka mara 300, lakini chenga zinaongezeka kwa kipeuo cha pili cha 300, yaani mara 17 tu. Nikaandika skripti ya Python, hata ndege zinazoelekea kutua JKIA ikazifuta, kwa sababu ndege haionekani mahali pamoja katika fremu mbili.

Lakini kuna chenga zisizorukaruka. Kihisi cha kamera kikipata joto, pikseli hujikusanyia elektroni zenyewe bila mwanga wowote, na kila joto likipanda nyuzi 6 hivi, kiasi hicho huwa karibu maradufu. Hizo unazitoa kwa kupiga picha ya giza: unafunika lenzi, muda uleule, ISO ileile, joto lileile, halafu unaliondoa giza hilo kwenye picha yako.

Askari wetu wa usiku alinikuta katika hatua hiyo.

"Kijana, mbona umefunika?"

"Napiga picha ya giza, mzee."

Akaelekeza rungu upande wa EPZ. "Giza utalitoa wapi hapa na taa zote hizi?"

Nilicheka. Nikashuka, nikaendesha skripti, chenga bado zipo. Nikalaumu kamera. Kisha nikafanya uvivu: nikaipa picha programu ya akili bandia ya kusafisha chenga. Ikatoka laini kama hariri. Nikaituma kwenye grupu la familia, na Mama akaiweka status.

Siku ya pili nikailinganisha na ramani ya nyota. Nyota ndogo kadhaa hazikuwepo. Mahali pengine palikuwa na nyuzi za gesi ambazo sikuziona hata nilipojumlisha fremu zote 300. Programu ilifuta kweli na kuongeza uongo, na mimi nikapokea pongezi.

Jibu lilikuja usiku mwingine, stima ilipopotea mtaani kwa dakika 20 hivi nikiwa paani. Kamera ileile, joto karibu lileile, lakini fremu za dakika hizo zilikuwa safi zaidi. Mzee alikuwa sahihi. Chenga nyingi hazikuwa za kihisi, zilikuwa za taa. Mwangaza wa taa angani unaweza kutoa wastani wake, lakini mtawanyiko wake unabaki, kwa sababu nao unafika chembe moja moja, ovyo, sawa na mwanga wa nebula. Picha ya giza haiujui kabisa. Dawa yake ni kukaa paani muda mrefu zaidi, au nauli ya kwenda Magadi.

Hili liliniuma kwa sababu ya kazi. Mwaka jana nilinyamazisha onyo moja kwenye seva kwa kuwa lilikuwa linalia kila usiku, nikasema ni kelele tu. Halikuwa kelele. Oda za siku 2 zilipotea, na ni mimi niliyewapigia wateja simu kuomba radhi. Sikuwa nimelipima lile onyo, lilinichosha tu. Kosa lilelile, paani na ofisini.

Sasa nina kanuni moja: sifuti kelele ambayo sijaipima. Nikijua inatoka wapi na ni kiasi gani, naitoa. Nisipojua, naiacha ionekane.

Picha mpya ina chenga, lakini kila nyota iliyomo ipo kweli. Nimemwomba Mama abadilishe ile ya status. Amekataa. Anasema ya kwanza ndiyo nzuri.

Haya, mawingu yakiisha nitakuwa Magadi.