Meza ya Mjomba: kutoka mshale hadi kioo

Fundi redio wa Ngamiani, Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipima kwa vitu vitatu: mita ya mshale, balbu ya wati 100 na kidole. Kidole hakikuwa mzaha. Redio ikiwa bubu, fundi aliiwasha, akafungua volyumu yote, kisha akagusa mguu wa volyumu kwa ncha ya bisibisi huku kidole kikiwa juu ya chuma chake. Spika ikivuma, upande wa kukuza sauti ni mzima na ugonjwa uko nyuma, kwenye kunasa mawimbi. Isipovuma, hakuna haja ya kusumbua koili za stesheni. Kipimo hicho kilikuwa cha bure, na kwa redio ya betri za volti 6 hakikumdhuru mtu.

Mjomba wa mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wa mafundi hao. Redio nyingi alizozifungua zilikuwa Philips zilizoundwa Arusha na National za Dar es Salaam. Mita yake ilikuwa Sanwa YX-360, ya Kijapani, ambayo nakala zake hadi leo zimejaa madukani. Mita ile ina upinzani wa omu 20,000 kwa kila volti, kiasi kinachoitosha redio ya transista. Uzuri wake hasa ulikuwa mwendo wa mshale. Vijiti vikiguswa kwenye kapasita, mshale uliruka kulia, kisha ukarudi taratibu kushoto. Ukiruka na kubaki hukohuko, kapasita imepiga shoti. Usipotikisika kabisa, imekauka. Mpwa aliyekaa kigodani alijua kuusoma mruko huo kabla hajajua kapasita inafanya kazi gani.

“Achana na namba, mjomba. Tazama unavyokwenda,” ndivyo alivyoambiwa.

Balbu nayo ina hadithi yake. Ilifungwa kwenye kipande cha ubao pamoja na soketi, ili umeme wote wa kifaa kibovu upitie kwanza ndani ya balbu. Kifaa chenye shoti kikichomekwa, balbu inawaka kwa nguvu zote na hakuna kingine kinachoungua. Kikiwa kizima, balbu inamulika mara moja, halafu inafifia. Hakuna kifaa cha mezani kilichookoa transista nyingi kwa gharama ndogo kiasi hicho. Lazima iwe balbu ya waya, kwani ya LED haifai kabisa kwa kazi hii, na za waya zimeanza kuadimika.

Mwaka 1994 vituo binafsi vya televisheni vilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara (Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970), meza ilibadilika haraka kuliko fundi. Televisheni si redio. Umeme wa volti 230 unageuzwa moja kwa moja kuwa volti 325 hivi ndani ya kapasita kubwa, na chaji hiyo inaweza kubaki hata baada ya plagi kuchomolewa. Kipimo cha kidole kikafa siku hiyohiyo. Waliokiendeleza walirushwa.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa lile ambalo mshale haukuweza kuliona. Pawa ya televisheni hukata na kuunga umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kapasita zake hukaa kwenye joto, maji yake ya ndani yanakauka, na upinzani wa ndani, ambao mafundi huuita ESR, unapanda. Kapasita ya namna hiyo ikipimwa kwa mita ya mshale inaruka vizuri tu, mshale unarudi, fundi anaridhika. Ikirudishwa kwenye mashine, picha inajikunja au pawa inazimika kila baada ya sekunde chache. Basi mafundi wakawa wanabahatisha: wanapachika kapasita mpya juu ya ile inayoshukiwa na kuangalia kama ugonjwa umeisha. Spea nzima nyingi zilitupwa, na mteja ndiye aliyezilipia.

Mita za dijitali zilipoingia kwa wingi, zile ndogo za manjano za aina ya DT830, wengi walidhani jibu limepatikana. Kioo kinasomeka hadi 1999, betri moja ya volti 9, bei ya kila mtu. Lakini ndani yake kulikuwa na mitego. Mtego wa kwanza ni rangi za waya. Kwenye mita za mshale za aina ya Sanwa, upande wa omu, waya mweusi ndio unaotoa chanya ya betri. Kwenye dijitali ni mwekundu. Fundi aliyezoea mshale alipopima diodi kwa dijitali aliiona imegeuka, na transista ya NPN akaisoma kama PNP. Mtego wa pili ni betri. Ikichoka, mita nyingi za bei ya chini hazikatai kufanya kazi, bali zinapandisha namba, na volti 12 zinasomeka kama 14. Mjomba alikuwa na betri moja mpya ya gari ambayo volti zake alizijua, na mita aliyoitilia shaka aliipima kwa betri hiyo kwanza.

Mtego wa tatu ndio unaoua. Tundu la ampia 10 kwenye mita hizo mara nyingi halina fyuzi, na nyingine zimeandikwa hivyo waziwazi usoni. Fundi mmoja wa mtaa wa pili alipima mkondo wa betri, akasahau waya kwenye tundu hilo, halafu akaingiza vijiti kwenye soketi ya ukutani. Njia za shaba ndani ya mita ziliruka kwa mlipuko, na kifuniko kikapasuka mkononi mwake.

 

Lile fumbo la ESR lilifumbuliwa na wapenda elektroniki, si na viwanda vikubwa. Mjerumani Markus Frejek alibuni kipimo kidogo cha transista kinachotumia chipu ya bei nafuu, Karl-Heinz Kübbeler akakiendeleza, na michoro pamoja na programu vikatolewa bure. Viwanda vya China vikavichukua. Leo kifaa hicho kinachoingia kiganjani kinaitambua transista, kinataja miguu yake mitatu, na kinasoma kapasita pamoja na ESR yake. Kina sharti moja: kapasita imwagwe chaji kwanza, la sivyo chipu inaweza kufa papo hapo. Mpwa alipomletea mjomba kifaa hicho, mzee aliweka juu yake kapasita za pawa kutoka kwenye kopo la vyuma chakavu, moja baada ya nyingine, na kwa hasira akawa anatenganisha zile ambazo zamani angezitetea.

Osiloskopu ilichelewa kuliko vyote. Tektronix wa Oregon walipotoa modeli 511 mwaka 1947, bei yake ilikuwa dola 795, na kwa miongo mingi kifaa hiki kilibaki cha vyuo na mitambo ya redio. Sasa kuna kijisanduku cha DSO138 cha kujiunganishia mwenyewe, lakini mwisho wake ni kilohezi 200: kinafaa kwa amplifaya, si kwa pawa za kisasa. Rigol DS1054Z ina njia nne na megahezi 50, nayo imewafungulia mlango watu wengi wa nyumbani. Tatizo ni kwamba kibanio cha graundi cha osiloskopu kimeungwa na waya wa ardhi wa ukutani. Kikibanwa kwenye upande wa pawa unaogusa umeme wa njia kuu, ni shoti ya moja kwa moja. Mjomba aliunga transfoma mbili za volti 12, matokeo ya moja yakilisha ya nyingine, akapata umeme uliotengana na ukuta. Ni mdogo, lakini unatosha kwa mashine ndogo.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, anayeanza leo hukimbilia osiloskopu mapema mno. Balbu ya mfululizo ije kwanza, kisha mita nzuri, kisha kipimo cha ESR, na mita ya mshale ya mtumba kama itapatikana, maana volti inayoyumba bado inaonekana vizuri zaidi kwenye mshale kuliko kwenye tarakimu zinazorukaruka. Fedha zikitosha kifaa kimoja tu, nunua mita yenye fyuzi kwenye kila tundu la ampia, za kauri na si za kioo. Ukifika dukani mwombe muuzaji afungue kifuniko cha nyuma uzione. Akikataa, nenda duka la pili.