Ufa wa Sleji

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii imekaririwa mno hivi kwamba ni nadra mtu kuuliza ufa wenyewe huzibwaje. Yamkini walioitunga walikuwa na udongo na mawe akilini. Hata hivyo, zipo nyufa zisizokubali kusiribwa, na mojawapo ni ule uliojitokeza katika sleji ya mzee mmoja wa jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani.

Sleji ni chombo mfano wa kihori kipana, kisicho na magurudumu, kinachoburutwa juu ya theluji. Huko Minnesota, maziwa yanapoganda msimu wa baridi, wavuvi hutembea juu ya barafu, wakaitoboa na kutumbukiza ndoana. Ili kujikinga na upepo, wengi hutumia kibanda cha turubai kilichofungwa kwenye sleji yenyewe. Mvuvi akifika, huinua mabomba ya alumini na turubai likamfunika. Dave Genz, mvuvi wa jimbo hilohilo, ndiye anayetambuliwa na wengi kwa kueneza vibanda vya aina hii kuanzia miaka ya 1980. Sleji basi ni gari, sakafu na msingi wa nyumba kwa pamoja. Ikipasuka mbali na ufuo, jua likitua na baridi ikifika nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri, aliyeharibikiwa huwa hajapoteza chombo tu, amepoteza hifadhi.

Mzee huyo alikuwa ameshapita miaka sabini, na tangu afiwe na mkewe alivua peke yake. Bintiye alipouona ufa kwenye tumbo la sleji, hakusita.

"Baba, hii ni ishara. Iuze, upumzike."

"Chombo kuchakaa si kufa, mwanangu," mzee akajibu, akaenda kutafuta keekee.

Ni dhahiri kwamba mabishano hayo hayakuhusu plastiki. Swali lililokuwa baina yao ni zito zaidi: je, anayeanza kuishiwa na nguvu aache kabisa alichokipenda, au abadili namna ya kukitenda?

Kazi ilianza kwa jambo lililomshangaza binti. Badala ya kuuziba ufa, mzee alitoboa tundu dogo la mviringo kwenye kila ncha yake. Ikumbukwe kwamba nguvu zote zinazokivuta chombo hukusanyika kwenye ncha kali ya ufa na kuusukuma usonge mbele. Tundu la mviringo huzitawanya nguvu hizo, nao ufa hukosa pa kushika njia. Gundi ya kawaida haikufaa kitu, kwani sleji nyingi huundwa kwa polithini, plastiki ambayo gundi huibandukia kama maji juu ya jani la myugwa. Mzee aliyeyusha ukanda wa plastiki ya aina ileile kwa hewa ya moto, akaulehemu juu ya ufa, kisha akatia kiraka cha bati la alumini kwa ribiti zenye vichwa vipana.

Baada ya ukarabati yakaja mageuzi. Sleji yenye kibanda, jiko na zana hufika kilo 50 au zaidi, na mzee aliivuta kwa miguu. Isitoshe, uzito wa theluji huikandamiza barafu, maji yakapanda kupitia nyufa na kufanya rojorojo inayoganda chini ya sleji na kuitia breki. Kwa hiyo aliunda fremu ya mbao, akaipachika juu ya jozi ya skii kuukuu, ili tumbo la sleji liinuke. Aliifanya fremu iwe ya kufunguliwa, kwa kuwa siku za theluji nyingi sleji huelea vyema kwa tumbo lake pana. Kamba ya mkononi nayo aliibadilisha kwa mkanda wa kiunoni, mzigo ukahama kutoka mikononi hadi miguuni.

Alipofika kwenye bolti, binti alidhani baba amechoka. Matundu aliyachonga marefu, na nati hakuzikaza hadi mwisho. La hasha, hakuwa amechoka! Plastiki ya urefu wa mita mbili ikitolewa kwenye joto la nyuzi 20 hadi baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, hunywea kwa sentimita moja au zaidi, ilhali ubao haunywei kiasi hicho. Viwili hivyo vikikazwa pamoja bila nafasi, baridi yenyewe huvipasua.

Binti alizitazama nati zile kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi niambie kila mara unakwenda ziwa lipi, na utarudi saa ngapi. Na barafu ikiwa nyembamba, hutoki."

Mzee alikubali. Idara ya Maliasili ya Minnesota hushauri barafu isipungue inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, kwa atembeaye kwa miguu, na husisitiza kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa. Tangu hapo mzee hubeba mtaimbo, akaipima barafu anapokwenda, naye binti hungoja simu yake jioni.

Methali ya wahenga haijatanguka. Ufa sharti uzibwe. Ila sleji ile yafunza kwamba fundi huanza kwa kuujua unakoelekea, akausimamisha hapo, ndipo akaziba. Aidha, viungo vinavyodumu si vile vilivyokazwa mno. Binti angeweza kumfungia baba nyumbani kwa jina la mapenzi, na baba angeweza kukaidi kwa jina la uhuru. Kila mmoja alilegeza nati yake kidogo, na chombo kikaendelea kwenda.