Kiti Kinachomngoja Msomaji

Marufaa ni chombo kidogo. Fundi huchukua ubao mmoja, akaupasua kwa unene wake kutoka juu na kutoka chini, akaacha katikati pashikane kwa meno yaliyochongwa humo humo, pasi na msumari wala gundi. Chombo hicho kikifunguliwa husimama mfano wa mkasi, na juu yake huwekwa msahafu. Kimo chake hakikupatikana kwa bahati. Ni kimo cha mtu aliyekaa kitako juu ya mkeka, amekunja miguu. Kitabu hupanda mpaka pale macho yanapotulia. Kabla mwanafunzi hajatamka herufi ya kwanza, kipande hicho cha mti kimekwisha kumwambia mambo mawili: kwamba kitabu hakiwekwi chini, na kwamba yeye, kwa umbo lake na ukaaji wake, alikuwa akingojwa.

Hapo ndipo pa kuanzia kwa yeyote anayetaka kuzungumza juu ya samani za maktaba. Aingiaye katika nyumba ya vitabu hakutani kwanza na vitabu. Hukutana na mlango, kisha meza ya mkutubi, kisha viti na rafu. Meza ikiwa ndefu kama ukuta wa ngome, huambiwa asimame. Kiti kikiwa kirefu hata miguu ya mtoto ikaning'inia, mtoto huambiwa kwamba hapa si pake. Vitu hivi havina ulimi, lakini vina lugha, na msomaji huifahamu upesi kuliko tangazo lolote lililobandikwa ukutani.

Mfano mmoja wapaswa kutajwa kwa urefu, ingawa unatoka mbali na bahari hii. Mwaka 1927 mji wa Viipuri, uliokuwa wakati ule ndani ya Ufini, ulishindanisha wasanifu wa majengo kwa ajili ya maktaba yake mpya. Aliyeshinda alikuwa kijana, Alvar Aalto, ambaye jina lake la ukoo kwa Kifini lina maana ya wimbi. Maktaba ilikamilika mwaka 1935, na katika miaka ile minane mchoro wa kwanza ulibadilika sana, kwa kuwa Aalto alizidi kujiuliza swali moja: mtu asomapo, jicho lake linahitaji nini?

Jibu lake lilikuwa paa. Juu ya chumba cha kusomea alitoboa matundu 57 ya mviringo, kila moja lenye kina kama faneli, hata jua likawa haliwezi kuingia moja kwa moja. Mwanga hugonga kwanza kuta za tundu, ukatawanyika, ukashuka kutoka pande nyingi, na kwa hivyo kichwa cha msomaji hakitupi kivuli juu ya ukurasa wake mwenyewe. Katika ukumbi wa mihadhara alitandaza dari ya mbao inayopanda na kushuka kama maji ya mkondo. Mawimbi yale hayakuwa pambo. Yalikusudiwa kuibeba sauti, ili aliyekaa nyuma asikike anapouliza, sawa na anayehutubu mbele. Watoto walipewa maktaba yao wenyewe, na mlango wao.

Kisha kuna viti. Nyakati zile wabunifu wengi wa Ulaya walikuwa wameshikwa na mapenzi ya mabomba ya chuma, na Aalto mwenyewe aliyajaribu. Baadaye aliyaacha kwa sababu chuma ni baridi kwa mkono, humeremeta machoni na hurudisha kelele. Akaugeukia mti mweupe wa misitu ya kwao. Ncha ya mguu ilichanwa nyufa nyembamba, ndani ya nyufa zikatiwa gundi na bao nyembamba, kisha mti ukakunjwa kwa joto hadi ukaweza kushika kiti bila kiungo kingine. Kutokana na mguu huo kilizaliwa kigoda cha mwaka 1933, na katika ukumbi wa Viipuri kilipangwa safu kwa safu. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kigoda ni nini: kikalio cha duara, miguu mitatu, hakuna pa kuegemea. Mti wa msituni kwao, mikono ya mafundi wao, na mwili wa msomaji wao vilikutana katika chombo kimoja.

Vita vikaja, mji ukachukuliwa, na baada ya mwaka 1944 ukabaki ndani ya Umoja wa Kisovieti. Nyumba ile ilikaa tupu kwa takriban muongo mzima, nao watu wa nje wakadhani imekwisha bomolewa. Ilifunguliwa tena mwaka 1961, ikiwa imebadilishwa, na ukarabati mrefu wa kuirudisha katika sura yake ulimalizika mwaka 2013. Lugha ya mji ilikuwa imebadilika, na wasomaji pia. Hata hivyo mafundi walipounda upya ile dari ya mawimbi, haikuhitaji mkalimani. Nyumba iliyotengenezwa kwa kumfikiria msomaji humfaa msomaji mwingine aliyekuja baadaye.

Lakini sura ya maktaba yaweza kufukuza pia. Nairobi, mwaka 1931, ilifunguliwa Maktaba ya McMillan, ukumbusho wa mlowezi tajiri uliosimamishwa na mjane wake. Nyumba ile haikukosa haiba: nguzo ndefu, ngazi pana, simba wawili wa mawe mlangoni, na pembe za ndovu ndani. Nani awezaye kusema haina utambulisho? Ilikuwa nao tele, na utambulisho huo ulisema waziwazi kwamba nyumba ni ya Wazungu. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuketi humo na kusoma. Sheria ilipobadilika, simba na pembe hazikuondoka. Mwaka 2018 asasi ya Book Bunk, iliyoasisiwa na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, iliafikiana na serikali ya Kaunti ya Nairobi kuzikarabati McMillan pamoja na matawi yake mawili ya Kaloleni na Makadara. Kazi ilitangulia kwenye matawi, katika mitaa ya watu, na mpangilio huo una maana yake. Simba wa mlangoni hawawezi kujibiwa kwa simba wengine. Hujibiwa kwa kiti ambacho mtoto wa Kaloleni anakifikia.

Kwa hivyo utambulisho si urembo. Maktaba ya pwani haipati sura kwa kubandikwa nakshi za mlango wa Kizanzibari mbele ya meza ya mkutubi, kama hoteli zinavyofanya. Wala haitaipata kwa kununua kile kigoda cha Aalto, kinachotengenezwa hadi leo na kuigwa kila pembe ya dunia. Anayekichukua kigoda bila swali lililokizaa amechukua ganda tu.

Swali lenyewe likiulizwa huku, majibu yake yamo majumbani. Hewa ya bahari ina chumvi, na rafu za chuma zinazoagizwa kwa orodha ya bei huanza kula kutu pembezoni, kisha kutu ikatia madoa vitabu. Mvule na msaji vimestahimili mchwa na unyevu tangu zamani. Seremala mzoefu anajua kwamba kabati lisigandamane na ukuta wa chokaa, kwa maana hewa isipopita nyuma, ukungu ndio utakaosoma kwanza. Nyumba kongwe za mawe za Lamu zina zidaka, safu kwa safu, zilizochongwa katika lipu ya ukuta wa ndani, ambamo vitu vya thamani viliwekwa vikaonekana. Na baraza ya nje huonyesha kwamba watu hawa husoma kwa kusikilizana. Chumba kisicho na mahali pa kumsomea mwenzio kwa sauti kimewasahau wapenzi wa mashairi.

Haya si mambo madogo, kwa sababu kuna amana inayongoja. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, na mkusanyo huo ukahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mingine ingali masandukuni, ndani ya vitambaa, chini ya vitanda. Mwenye sanduku hulipima jumba la vitabu kwa jicho lake kabla ya kulikabidhi maandishi ya babu yake. Akikuta ofisi baridi yenye meza ya kuulizia shida, hurudi nalo nyumbani, na mchwa huendelea na kazi yao.

Vyumba vya miswada katika nchi tajiri havimwachii leo msomaji akilaze kitabu kikongwe wazi juu ya meza. Humpa mito na kabari za kukishika pande mbili, ili uti wa kitabu usivunjike. Mwenye kuifahamu marufaa atatabasamu. Chombo wanachokitafuta kwa sponji kimekuwepo vyuoni miaka mingi, kikichongwa na mafundi ambao hawakuitwa wabunifu.

Basi siku itakapotoka zabuni ya maktaba nyingine katika visiwa hivi, fundi na aitwe kabla ya karatasi ya bei kutiwa saini. Aje na futi yake. Apime urefu wa bega la mwanamke mzima aliyeketi mkekani, na umbali wa unyayo wa mtoto wa miaka saba hadi sakafuni. Kisha ndipo aende kuchagua mbao.