Mbwa Watano wa Bunda

Msomaji wa pwani ataniwia radhi nikimwingizia mbwa barazani. Sisi tuliolelewa visiwani tumezoea kumweka mbali. Jina lake ni tusi, mate yake ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo, kama walivyotufunza masheikh wetu wa madhehebu ya Shafi. Wamaliki wana kauli nyingine juu ya utohara wake, lakini hiyo hatukuisikia chuoni. Tulichokisikia, tena kwa furaha, ni habari ya mbwa wa Watu wa Pangoni, aliyenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini na kutajwa katika Sura ya Al-Kahf. Na tulipokua tukasoma kuwa Sura ya Al-Maida inahalalisha windo la mnyama aliyefunzwa. Aliyefunzwa! Neno hilo lilinipita miaka mingi, hadi nilipokwenda kufundisha Bunda.

Bunda iko juu ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma; magharibi ni ziwa, mashariki ni Serengeti. Huko nyumba isiyo na mbwa ni kama nyumba isiyo na mlango. Si mbwa wa fahari: ni wadogo, wa rangi ya udongo, mkia juu, mbavu zahesabika. Hulinda mbuzi, hufukuza nyani mashambani, na usiku huambiana habari kutoka kilima hadi kilima.

Majina yao ndiyo yaliyonivuta kwanza. Pamoja na akina Simba na Jimmy, nilisikia mbwa akiitwa Hayawahusu, mwingine Semeni. Mama anasimama uani, anamwita mbwa wake kwa sauti ya juu kuliko inavyohitajika, na jirani aliyekusudiwa anasikia. Nikajisemea: kumbe hawa nao wana kanga! Fumbo ambalo kwetu mwanamke hulivaa na kupita nalo kichochoroni, hapa limepewa miguu minne. Mwenye nyumba wangu, bibi wa Kiikizu, alikuwa na jike aitwaye Mtajijua, na wanawe wanne waliokuwa bado hawajapewa majina.

Nilipozuru Mwitongo, Butiama, alikozikwa Mwalimu Nyerere, nilimkumbuka Mtajijua bila kutarajia. Ni Mwalimu aliyetupa Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na katika tamthilia hiyo Shylock analalamika kwamba aliitwa mbwa, kisha waliomwita hivyo wakaja kumkopa fedha. Mtu aliyezaliwa Uzanaki, mwenye kujua mbwa ni mlinzi wa zizi, alilazimika kulibeba tusi la Venisi na kulitia katika lugha ya pwani. Nadhani halikumpa taabu. Pwani tulikuwa nalo tayari.

Lakini nyumbani kwa Bibi mbwa hakuwa fumbo wala tusi. Mwaka mmoja kabla sijahamia, mjukuu wake mkubwa aliumwa mguuni na mbwa mpita njia. Jeraha lilikuwa dogo, likapona. Zahanati ya kwanza haikuwa na sindano, ya pili ilikuwa mbali, na fedha zilikuwa za kutafutwa. Majuma yakapita, mtoto akaanza kuogopa maji. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona, ingawa chanjo yake imekuwako duniani tangu Louis Pasteur alipoijaribu mwaka 1885. Bibi hakunisimulia zaidi ya hapo, nami sikumwuliza. Alichosema, Mtajijua alipozaa, ni kwamba hao wanne na mama yao wataondoka: kwa sumu au kwa mawe, yeye hakujali.

Mdogo wa marehemu, mvulana wa miaka 11, aliomba muda. Ilikuwa imetangazwa siku ya chanjo ya mbwa, chini ya mti karibu na ofisi ya kata, mwendo wa kama saa moja kwa miguu. Bibi akaweka sharti: wakifika wote watano, wakachanjwa wote watano, watabaki. Akikosekana mmoja, wote kwaheri. Alikuwa na majuma matatu.

Siku ya kwanza aliwafunga wote kwa pamoja, na kabla hawajafika kwenye mwembe vigwe vilikuwa vimesukana kama ukili. Hakupiga mtu, hakupiga mbwa. Alikwenda kukaa. Kesho yake alikata tyubu kuukuu ya baiskeli, akawavisha kila mmoja mkanda wa shingoni, akawaacha wazoee kuuvaa tu. Kisha akaanza na Mtajijua peke yake. Kigwe kikikazwa, mvulana anasimama kama nguzo, kikilegea, wanakwenda. Dagaa mmoja wa ziwani kwa kila hatua kumi za utulivu. Nilidhani ni mchezo wa kumaliza dagaa, lakini siku ya nne yule jike alikuwa akimtazama usoni kabla ya kuinua mguu.

Watoto aliwaongeza mmoja mmoja, kila mara yule mgeni akiwa ubavuni mwa mama. Nilipomwuliza amejifunzia wapi, alinishangaa.

“Si kama ng'ombe wa kulima, Mwalimu? Mchanga unamfunga nira na mzee.”

Na kutoka kwenye nira hiyo hiyo akapata dawa ya vigwe kusukana: fimbo ya urefu wa mkono, vigwe vitano vimefungwa kwa nafasi, mwoga katikati, mkorofi pembeni. Walitembea alfajiri, kabla mbuzi hawajatoka na kabla mbwa wa wengine hawajapata la kusema.

Nami katika majuma hayo nikawa nasoma. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, unaoitwa distempa, uliingia Serengeti na kuua yapata theluthi moja ya simba wake. Tangu hapo vijiji vya pembezoni vikawa vinachanjiwa mbwa. Watafiti wakagundua kuwa chanjo ya kichaa inaweza kustahimili miezi bila jokofu, wakabuni chombo cha kuihifadhi kwa mfano wa mtungi ndani ya mtungi, unaopoza kwa unyevu. Bibi alicheka: maji ya mtungi nani asiyeyajua? Na Pemba, kisiwa chetu, kichaa kilitoweka mwaka 2014, kikavuka bahari tena mwaka 2016, kikatokomezwa mara ya pili mwaka 2018, kwa chanjo hiyo hiyo ya mbwa. Shabaha ni kuchanja 7 katika kila 10. Nilijifunza pia kuwa aliyeumwa huanza kwa kuosha jeraha robo saa nzima, kwa sabuni na maji yanayotiririka, ndipo akimbilie sindano.

Siku yenyewe nilifuata nyuma, nguo zangu zimekunjwa magotini kwa mazoea ya utotoni. Palipokutana njia yetu na barabara kuu, lori likapiga honi. Yule mwoga wa katikati akajikunja, mkanda ukampita masikioni, akatokomea katika mihogo. Mimi nilitaka kukimbia. Mvulana akaketi chini, pale pale ukingoni, akawaketisha wanne. Hakuita. Alitoa dagaa, akawapa wale wanne polepole, mmoja mmoja. Jua lilipanda. Watu walipita na mbwa wao, mwingine amempakia wake kwenye toroli, wakatucheka. Kisha mihogo ikatikisika, na pua ikatokeza.

Chini ya mti palikuwa na kelele za kiama. Karani aliuliza majina. Kwa Mtajijua alicheka hadi kalamu ikamwanguka. Wale wanne mvulana aliwapa majina hapo hapo, na yule mwoga akamwita kwa jina la kaka yake. Karani hakujua, akaandika.

Jioni Bibi aliniomba nimsomee kadi. Nikasoma moja baada ya moja. Nilipofika ya tano alininyoshea mkono, akazichukua zote, akafungua sanduku la bati alimoweka kadi ya kliniki ya marehemu, akazitia humo, akafunga.