Kutoka Manzese Hadi Sinza

Ukishuka basi la mwendokasi kituo cha Manzese, jijini Dar es Salaam, ukapenya katikati ya wauza mitumba, barabara haikufikishi mbali. Baada ya hapo ni vichochoro. Nyumba ni zile za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, kila mlango na mpangaji wake. Wengi wa wapangaji waliowatangulia walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968. Kiwanda kilidorora, lakini vyumba havikukosa watu.

Natembea kuelekea Sinza. Kwa miguu si mbali, ila ukifika unadhani umebadili mji. Sinza ina barabara zinazokutana kwa pembe, viwanja vyenye ukuta na geti, maduka ya dawa, saluni, ghorofa zinazoendelea kupanda. Gari la kunyonya maji taka linafika hadi mlangoni.

Kinachonishangaza ni kwamba mitaa hii miwili iliingia katika mradi mmoja. Mwaka 1972 serikali iliachana na sera ya kubomoa makazi holela, na kuanzia 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikafanya mambo mawili kwa pamoja. Penye mashamba na mapori, kama Sinza na Kijitonyama, ilipima viwanja, ikachonga barabara na kuvuta maji kabla watu hawajajenga. Penye watu tayari, kama Manzese, iliboresha pale pale: barabara chache, mifereji, taa, maji. Wananchi waliokusudiwa kote kuwili walikuwa wa kipato cha chini.

Mwaka 2021 mwanauchumi Guy Michaels na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu mradi huo katika miji saba ya Tanzania. Waliona kwamba miongo mingi baadaye maeneo yaliyopimwa mapema yana nyumba kubwa na bora zaidi, na zimepangika. Yale yaliyoboreshwa baada ya watu kujenga hayakuonyesha tofauti kubwa na makazi holela mengine.

Ukiwa Tandale, katikati ya safari, sababu unaiona kwa macho. Ukishajenga ukuta wako mkono mmoja kutoka kwa jirani, barabara haiwezi kupita bila kumvunjia mtu. Gari la zimamoto haliingii. Marehemu anabebwa mabegani hadi gari lilipo. Masika yakikolea wengine hutapisha vyoo, uchafu uende na maji ya mvua, na maji hayo huishia uani kwa wa bondeni. Mama mmoja mwenye nyumba karibu na Mto Ng'ombe aliniambia: "Mwanangu, watoto wangu wote wamesoma, wamehama. Nyumba ndiyo imebaki vile vile." Mto wenyewe siku hizi una kingo za zege, na hiyo ni nafuu ya kweli kwa waliozoea kulala vitanda vikielea.

Lakini sitaki kuisifu Sinza kupita kiasi. Mtaa kupanda hadhi si sawa na maskini kupanda. Viwanja vile vilivutia watumishi na wafanyabiashara, na leo mbeba mizigo wa Manzese hawezi kukodi hata chumba cha uani huko. Umaskini mwingine haukuondoka, ulihamishwa. Manzese ndiyo iliyompokea mgeni aliyeshuka na begi moja, na bado inampokea.

Jioni nilipanda daladala hadi Chanika, pembezoni kabisa, kuona mji unakoelekea. Ardhi huko nilikuta ikiuzwa kwa hatua, ishirini kwa ishirini, mashahidi wakiandikishana serikali ya mtaa. Vijana walikuwa wanafyatua tofali, msingi mmoja ukigusana na mwingine. Nilimuuliza dalali barabara itapita wapi. "Usijali, kaka," alisema, "majirani wataachiana njia."